Kukuna

Fomu ya zahanati yetu, hapa Mishomoroni,
inauliza kabla hata ya jina la mama:
Ngozi imekuwa nyekundu? Ndiyo. Hapana.
Miaka sita nimetia alama kwenye Hapana
nikageuza ukurasa.

Kitabu nilichosomea kina picha arubaini na moja.
Nilizihesabu juzi umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu:
mashavu meupe kama unga wa sembe,
na ukurutu umewaka juu yake kama wino
wa mwalimu aliyekasirika.
Mkono mweusi ni mmoja tu, ukurasa wa mwisho,
nao umechapwa vibaya, giza juu ya giza.

Insiya aliletwa na bibi yake kutoka Mji wa Kale,
mikunjo ya viwiko imeiva. Dakika tano.
Nikaandika: pumu ya ngozi. Mafuta. Maji ya uvuguvugu. Nendeni.

Mbeyu alikuja mara tatu.
Mara ya kwanza niliandika choa.
Mara ya pili, upele; nikaagiza nyumba nzima ipakwe dawa,
na majirani, walipoona mashuka yanatokota uani,
wakawaita watoto wao ndani.
Mara ya tatu sikuandika kitu. Nilisema,
"Mama, uwe unamwosha vizuri."

Nyevu, mamake, anakaanga viazi karai karibu na soko la Kongowea.
Hakunijibu kwa hasira. Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka.
"Umemtazama mara tatu, daktari. Sasa msikize."

Saa nane usiku, chumbani kwao.
Kwaru. Kwaru kwaru. Kwaru.
Nikadhani kuna mtu anakuna nazi,
nikauliza, nani anatafuta tui saa hizo?
"Ni yeye," akasema. "Yeye ndiye mbuzi, yeye ndiye nazi."

Nikavua glavu.
Nikafumba macho, maana macho ndiyo yaliyonidanganya,
nikapitisha vidole, si nyuma ya magoti
kitabu kilikonituma, bali mbele, na kwenye miundi,
na hapo vilikuwepo: vipele vidogo, kila kimoja
kimeketi mlangoni mwa unywele,
kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa;
na ukavu, na joto, na unene
wa kisigino cha mtu mzima
kwenye goti la miaka minne.
Nilipofumbua niliona rangi, ilikuwepo muda wote:
zambarau iliyofifia,
kijivu cha jivu la mkaa lililomwagiwa maji.

Nikauliza niliyopaswa kuuliza mwezi wa pili:
Inamwasha? Tangu lini? Nani kwenu ana pumu?
"Mjomba wake. Na mimi, nilipokuwa mdogo,
nilikuwa hivi hivi. Walisema nimekula pweza."

Sidai kuwa nimekuwa hodari. Jana Hibaq wa Bondeni
alinichanganya upya, ngozi yake si ya Insiya wala ya Mbeyu,
nikabaki namsuguasugua kiwiko
kama mnunuzi wa kanga anayepima kama rangi itachuja.

Kwenye fomu nimelikata lile neno kwa kalamu,
nikaandika pembeni: Usiku, analala?
Zilipoletwa fomu mpya kutoka stoo
nyekundu ilikuwa imerudi mahali pake.
Nimekata tena. Kalamu ninayo.

Nyevu alirudi Jumanne. Magoti yamelainika,
lakini yameacha madoa meupe, na hayo yakamtisha;
nikamwambia rangi hurudi mwisho, nayo hurudi kwa miguu.
Akaweka simu mezani.
Feni. Jirani anakohoa. Mlango wa bati.
Muda mrefu, hamna.
Kisha, kwa mbali, kwaru. Kwaru.

"Mara mbili tu," akasema.
"Nimehesabu. Sikulala."